Je, Ukurasa Husajiliwa? Uhakiki wa Istilahi za Injini za Utafutaji kama Zitumikavyo Moshi

Miongoni mwa istilahi zilizoenea nchini katika miaka ya karibuni bila ya kupita mbele ya jopo lolote la wanaisimu, zimo zile zihusuzo injini za utafutaji, yaani mitambo kama Google na Bing ambayo kwayo mtu huipata habari aitakayo katika bahari ya kurasa za wavuti. Istilahi hizi hazikutungwa na wataalamu wa lugha. Zimetungwa na mafundi wa tovuti, na wakufunzi wa semina za siku mbili, na mashine za kutafsiri. Na kama ilivyo kawaida ya mambo yafanywayo kwa haraka, nyingine zimekaa vizuri na nyingine zimekaa kombo. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki chache tu, zile zinazohusu namna ya kuufanya ukurasa mpya, au ukurasa uliosahihishwa, uonekane upesi katika injini hizo. Tumezichagua hizo kwa sababu tumeona kwa macho yetu kwamba mojawapo inawagharimu wananchi fedha.

Tuliyaona hayo Moshi. Mji huo na vijiji vilivyo juu yake, Marangu, Kibosho, Machame na Uru, huishi kwa kahawa, migomba na wageni wapandao mlima. Mgeni huyo huwa yuko Ujerumani au Marekani wakati anapochagua mwenyeji wake, wala hamjui mtu yeyote mjini. Anachokijua ni ile injini anayoiuliza. Kwa hiyo kampuni ndogo ya waongozaji, nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, hata chama cha wakulima kinachotaka kuuza kahawa yake moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo, vyote vina tovuti, na vyote vina haraka. Mlima wenyewe umefikiwa na intaneti: mwezi Agosti 2022 huduma hiyo ilizinduliwa Horombo, penye mwinuko wa meta 3,720. Na haraka yao si ya biashara tu. Mlima uliposhikwa na moto mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, mtu aliyekwisha kukata tikiti ya ndege alitaka kujua siku ile ile kama njia yake ingali wazi. Mwongozaji aliyeandika jibu katika tovuti yake asubuhi alikuwa na haki ya kutumaini kwamba jibu hilo litasomwa kabla ya moto kuzimika.

Swali lao basi ni la halali: ukurasa wangu utaonekana lini, nami nifanye nini uonekane upesi? Kosa halimo katika swali. Limo katika maneno wanayofundishwa kuliulizia.

Tulionyeshwa huko kijitabu cha mafunzo cha kurasa zipatazo ishirini, kisicho na jina la mtungaji wala la mchapaji, ambacho hupita mkono kwa mkono baina ya wenye tovuti. Hatuna nia ya kumdhihaki aliyekiandika. Amefanya kazi ambayo wengi wetu tuliopewa dhamana ya lugha hatukuifanya, na Kiswahili chake kwa jumla ni safi. Ila katika kijitabu hicho neno linalotawala ni *usajili*: ukurasa husajiliwa, ukurasa haujasajiliwa, usajili wa haraka, ombi la usajili, kukataliwa usajili. Neno hilo tumelikuta pia katika vinywa vya mafundi wa mjini, nasi tunadai kwamba halifai hata kidogo.

Kabla ya kueleza kwa nini, yatupasa tueleze mtambo wenyewe unafanya nini, maana istilahi haihakikiwi kwa sikio peke yake. Injini ya utafutaji haiendi kuzisoma kurasa za dunia nzima wakati ule mtu anapouliza. Kazi hiyo huwa imekwisha kufanywa kabla. Kwanza injini huzigundua anwani za kurasa, kwa kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine au kwa kuletewa orodha na mwenye tovuti. Pili, hutuma programu yake ikauchukue kila ukurasa na kuusoma. Tatu, ikiona unafaa, huyachukua maneno yaliyomo na kuyaweka katika hazina kubwa iliyopangwa neno kwa neno: *Kilimanjaro* linapatikana katika kurasa hizi, *Machame* katika hizi, *kahawa* katika hizi. Mtu anapouliza, injini hutazama katika hazina hiyo tu, kisha huzipanga kurasa ilizozikuta kwa kadiri inavyoziona zafaa. Ukurasa usiomo humo hauwezi kuonekana, hata ungekuwa umeandikwa vizuri namna gani.

Hazina ya namna hiyo Kiswahili kinayo tangu zamani, japo kwa udogo. Ni ile orodha ya nyuma ya kitabu inayompa msomaji neno na namba za kurasa lilimo, nayo huitwa faharasa. Asili yake ni Kiajemi, likapita katika Kiarabu; ndilo neno alilolitumia Ibn al-Nadim wa Baghdad katika karne ya 10 kukiita kitabu chake kilichoorodhesha vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua. Ndugu yake *fahirisi* amechukuliwa na wanatakwimu: Fahirisi za Bei hutangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wako waandishi wanaoyachanganya maneno haya mawili; sisi tungependa mgawanyo huo ulindwe, faharasa ibaki kuwa ya vitabu na kurasa, na fahirisi ibaki kuwa ya bei na hesabu. Basi kitendo tunachokitafutia jina ni kuuingiza ukurasa katika faharasa, au kwa ufupi, *kuuingiza faharasani*.

Sasa tuliangalie *kusajili*. Mtu husajili ndoa, kampuni, gari, kizazi na kifo. Katika yote hayo pana ofisi yenye wajibu wa kupokea, pana fomu, pana ada, na mwishoni pana hati. Aliyetimiza masharti ana haki ya kusajiliwa, na akinyimwa anaweza kukata rufaa. Hakuna hata moja kati ya haya lililo kweli juu ya faharasa ya injini ya utafutaji. Google haimwahidi mtu yeyote kwamba ukurasa wake utaingizwa. Haipokei malipo ili iupitie ukurasa mara nyingi zaidi au iuweke juu zaidi. Haitoi hati. Na ukurasa uliomo leo waweza kutolewa kesho bila ya mwenyewe kuarifiwa kwa barua.

Tena pana ubaya mwingine ambao kwa maoni yetu ndio mkubwa. Katika shughuli hizi hizi za tovuti kipo kitu ambacho kweli husajiliwa, nacho ni jina la tovuti. Majina yanayoishia kwa .tz husajiliwa kwa ada ya kila mwaka, na asiyelipa hupoteza jina. Mwananchi akishalijua hilo, kisha akaambiwa na fundi yule yule kwamba kurasa zake nazo zapaswa kusajiliwa, atashangaa nini akidaiwa ada ya pili?

Hayo si mawazo tu. Kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa Marangu, ambacho hatutakitaja, hupokea wageni majumbani mwao, huwapikia, na kuwaonyesha jinsi kahawa inavyomenywa, kukaushwa, kukaangwa na kutwangwa kwa kinu. Mwezi Mei, mvua za masika zilipokuwa zikielekea kwisha, walipandisha bei na kuandika ukurasa mpya, kwa matumaini ya wageni wa kiangazi. Fundi wao akawaambia kwamba ukurasa huo lazima usajiliwe, na kwamba usajili wa haraka una malipo yake ya kila mwezi. Wakachangishana, wakalipa. Juni ikapita, na Julai ikapita. Ukurasa mpya haukuonekana. Ulioonekana ni ule wa zamani wenye bei ya zamani, na wageni walikuja nao wameuchapisha karatasini. Akina mama hao wakawapokea kwa bei ile ile ya karatasini, kwa kuwa waliona haya kumrudisha mgeni mlangoni. Tulipowatembelea, mwenyekiti wao, mama wa makamo aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, alitukaribisha chai, akaleta stakabadhi zake zote zikiwa zimefungwa kwa uzi, kisha akatuuliza: "Wanangu, cheti chetu kitatoka lini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa mama huyo isipokuwa kwamba cheti hicho hakipo duniani. Tulimwomba kijana mmoja wa kundi letu autazame ukurasa wenyewe kwa ndani. Haikumchukua dakika kumi. Katika sehemu ya juu ya ukurasa, mahali ambapo msomaji wa kawaida hapaoni, palikuwa na agizo kwa injini zote za utafutaji kwamba *ukurasa huu usiingizwe katika faharasa*. Agizo hilo huwekwa na mafundi wakati ukurasa ungali unajengwa, na hili lilisahauliwa humo. Miezi miwili kikundi kililipia haraka ya jambo ambalo ukurasa wenyewe ulikuwa unalikataza.

Mtu ataweza kusema kwamba hilo ni kosa la fundi, si la neno. Twakubali kwa nusu. Uzembe ni wa fundi. Lakini neno ndilo lililowafanya akina mama wasubiri. Mtu aliyeomba usajili husubiri ofisi imjibu. Haendi kukagua kama yeye mwenyewe amefunga mlango. Kama wangaliambiwa kwamba ukurasa wao unangoja *kuingizwa faharasani*, mama yule, aliyetunza madaftari maisha yake yote, angaliuliza kitu cha kwanza anachouliza karani yeyote: kwa nini haujaingizwa? Na hilo lingekuwa swali sahihi.

Neno la pili, *kuorodhesha*, ambalo mashine za kutafsiri hulipenda sana, lina madhara machache zaidi. Ni kweli kwamba faharasa ni orodha ya aina fulani. Lakini mwenye tovuti naye ana orodha yake, ile anayoipelekea injini ili iijue jumla ya kurasa zake, na mtu akisema "kurasa zangu zimeorodheshwa" hatujui ni orodha ipi. Katika kijitabu tulichokitaja, mkanganyiko huo umo katika sura nzima, ambamo msomaji anaagizwa "aorodheshe kurasa ili ziorodheshwe". Sentensi hiyo twaiacha isimame yenyewe.

Kuhusu *injini* hatutabishana. Wako wanaosema kwamba injini ni ya lori na ya mashine ya kusaga, nasi tumewahi kulitetea neno *kitafutio*. Ila watu wamekwisha kulichagua la kwao, na linaeleweka.

Tunakuja kwenye *kutambaa*. Hili ndilo neno lililotumika kutaja kazi ya ile programu inayotumwa kuzichukua kurasa. Limefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ambako mtandao umefananishwa na utando na programu ikafananishwa na buibui. Wenzetu wanaolitetea hutukumbusha kwamba katika Kiswahili si mdudu tu atambaaye. Mboga na maboga nayo hutambaa, hushika hapa yakanyoosha mkono pale, na hivyo ndivyo programu hiyo ifuatavyo viungo. Hoja hiyo ni nzuri na tulikaribia kuikubali. Iliyotushinda ni kauli ya kutendwa. Mwenye tovuti hana haja ya kusema kwamba programu inatambaa. Haja yake ni kusema lililoupata ukurasa wake, na hapo hulazimika kusema kwamba ukurasa wake *umetambaliwa*. Aliyewahi kupita gizani penye msafara wa siafu anajua hisia iliyomo katika kauli hiyo.

Sisi twapendekeza *kupitia*, kama karani apitiavyo daftari ukurasa kwa ukurasa. Neno hili nalo lina ila zake, na si haki tuzifiche. Moja ni kwamba limekwisha kugeuzwa na watangazaji kuwa kiunganishi: habari kupitia redio, malipo kupitia simu. Ya pili ni kwamba *kupitiwa* katika mazungumzo ya kila siku ni kusahau. Mtu husema "nimepitiwa" akiomba radhi. Dawa yake ni kuitumia kauli ya kutenda: *injini imeuupitia ukurasa*, *injini bado haijaupitia ukurasa*. Sentensi hiyo ina faida ya ziada kwamba inamtaja mtendaji, na katika jambo hili ni vizuri mtendaji ajulikane, kwa sababu kuna yanayotendwa na injini na kuna yanayotendwa na mwenye tovuti, na mengi ya matatizo yatokana na kutoyatenga.

Hapa ndipo mahali ambapo istilahi mbaya huleta hasara ya kitaalamu hasa, nasi tutapaeleza kwa urefu. Google humpa mwenye tovuti taarifa ya hali ya kila ukurasa wake, bila ya malipo, kwa sharti tu la kuthibitisha kwamba tovuti ni yake. Miongoni mwa taarifa hizo zipo mbili ambazo wakufunzi wetu wamezifasiri kwa maneno mamoja: "haujasajiliwa". Lakini kwa asili ni mbili. Ya kwanza husema kwamba ukurasa umegunduliwa ila injini bado haijaupitia, na kwa hiyo haumo faharasani. Ya pili husema kwamba injini imeupitia, imeusoma, na hata hivyo haikuuingiza.

Mkulima wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Kahawa yake ya maganda ikiwa ingali ghalani kwake kwa kuwa gari la chama halijafika, hilo ni jambo moja. Kahawa iliyofika kiwandani ikakobolewa, ikapangwa katika madaraja, kisha ikakosa mnunuzi mnadani, hilo ni jambo jingine. Wa kwanza hutafuta gari. Wa pili hurudi shambani kutazama kahawa yake ina kasoro gani. Vivyo hivyo kwa kurasa. Ukurasa uliogunduliwa tu wahitaji njia ya kufikiwa: uwekewe kiungo katika ukurasa wa mwanzo wa tovuti au katika ukurasa mwingine ambao injini huupitia mara kwa mara, utajwe katika orodha ya kurasa, na kompyuta inayoihifadhi tovuti iwe na nguvu ya kujibu upesi, kwani injini ikiona kompyuta hiyo inalemewa hupunguza safari zake. Lakini ukurasa ambao injini imekwisha kuupitia na kuuacha hauna shida ya njia. Mara nyingi shida yake ni kwamba hauna jipya. Huko Moshi tumeona tovuti zaidi ya moja ambamo maelezo ya njia za Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni yale yale, aya kwa aya, pamebadilishwa jina la njia tu na idadi ya siku. Na maelezo hayo yenyewe yamenakiliwa kutoka kwa kampuni nyingine. Injini haina sababu ya kuhifadhi nakala ya nne ya maneno iliyonayo. Mwenye ukurasa kama huo akiambiwa tu "haujasajiliwa" ataendelea kutuma ombi juu ya ombi, ilhali angepaswa kuketi na mmoja wa waongozaji wake aliyepita Umbwe jana na kuandika alichokiona.

Na kwa kuwa tumetaja maombi: mwenye tovuti anaweza kweli kuiomba Google iupitie ukurasa mmoja mmoja, ila maombi ya siku moja yana kikomo, na kulirudia ombi la ukurasa ule ule hakuharakishi kitu. Google yenyewe hueleza kwamba kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa hadi majuma kadhaa. Ipo pia njia ya kompyuta kupeleka habari kwa kompyuta, ambayo baadhi ya mafundi huiuza kama dawa ya haraka kwa kila ukurasa. Kwa upande wa Google njia hiyo imewekwa kwa matangazo ya nafasi za kazi na ya vipindi vinavyorushwa moja kwa moja, si kwa bei za chakula cha Marangu. Injini za Bing na Yandex zilianzisha mwaka 2021 utaratibu uitwao IndexNow, ambao humruhusu mwenye tovuti kuziarifu mara moja ukurasa unapoongezwa, unaposahihishwa au unapofutwa. Google haikujiunga nao. Kitendo hicho tungependa kiitwe *arifa*, neno jepesi lisiloahidi zaidi ya linachotoa: aliyearifiwa amejua, hajakubali.

Ile orodha ya kurasa iliyotajwa hapo juu mafundi huiita *ramani ya tovuti*. Twaona jina hilo limewapotosha watu kwa upole. Ramani huonyesha mahali na njia. Orodha hii haionyeshi njia. Ni faili lenye anwani tupu, lisilozidi anwani 50,000, na kando ya kila anwani huweza kuandikwa tarehe ambayo ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho. Utaratibu wake uliletwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali. Tungaliita *daftari la kurasa*, na ile tarehe *tarehe ya badiliko*. Tunalisisitiza jina hilo la pili kwa sababu ndilo lenye uzito wote kwa mwenye haraka. Google huitumia tarehe hiyo ikiwa imeiona mara kwa mara kuwa ya kweli. Mafundi wengi wamezitengeneza tovuti ziandike tarehe ya leo kila siku kando ya kila ukurasa, wakidhani kwamba injini itadanganyika na kurudi kila siku. Matokeo ni kwamba injini huacha kuziamini tarehe zote, na siku ukurasa unapobadilika kweli hakuna wa kuitikia. Kijitabu kinafundisha hila hiyo kwa fahari, kwa jina la "kuchangamsha ramani".

Bado liko neno *bajeti ya kutambaa*, yaani kiasi cha kurasa ambazo injini iko tayari kuzipitia katika tovuti moja kwa muda fulani. Tunalitaja kwa ufupi kwa sababu wenye tovuti ndogo wametishwa nalo bure. Jambo hilo huzihusu hasa tovuti zenye kurasa milioni moja au zaidi, au zile zenye kurasa elfu kumi au zaidi zibadilikazo kila siku. Tovuti ya kurasa arubaini hailihitaji. Ila kama istilahi itahitajika, tunaona kwamba watu wa mlimani wanayo. Katika mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kuyaleta maji ya msituni hadi kwenye vihamba, kila nyumba ina zamu yake ya maji. Zamu haihesabiwi kwa fedha. Yategemea wingi wa maji, na ukubwa wa mfongo, na kama mtu ameusafisha upande wake. *Zamu ya kupitiwa* ni jina ambalo mtu wa Kilema au wa Mwika atalielewa kabla hujamaliza kulitamka.

Tunajua kwamba watakuwako wasomaji watakaosema: ya nini taabu yote hii, si tuseme *kuindeksi* kama wasemavyo vijana wenyewe? Hatuna chuki na ukopaji. Neno *kompyuta* limekopwa, na *intaneti* limekopwa, na hatujaona dhara lake. Lakini mkopo hufaa pale ambapo kitu ni kigeni kabisa, na faharasa si kitu kigeni. Imo nyuma ya vitabu vya shule. Anayesema *kuindeksi* hasemi uongo, ila hamwelezi kitu yule asiyejua, na hapo ndipo fundi mwenye ada zake anapopata nafasi ya kueleza apendavyo. Toka miaka ya 1970, Baraza lilipoanza kutoa orodha zake za tafsiri sanifu, hoja imekuwa ni hiyo hiyo, kwamba istilahi ni ya mwenye kuhudumiwa kama ilivyo ya mtaalamu. Programu za kompyuta zilipoanza kutolewa kwa Kiswahili, kama ile ya Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, watafsiri walikaa na kamusi na kujadiliana neno kwa neno. Istilahi za injini za utafutaji hazijapata bado kikao cha namna hiyo, na ndiyo sababu zinatungwa na wenye kuuza.

Ukurasa wa akina mama wa Marangu ulionekana katika juma la pili baada ya lile agizo kuondolewa, tarehe ya badiliko kuandikwa sawasawa, na kiungo kuwekwa katika ukurasa wa mwanzo. Hawakulipa chochote. Ukurasa wa zamani walitaka kuuacha kwa ajili ya picha zake, na hapo ndipo tulipokwama kwa neno moja ambalo hadi sasa hatujalipata. Kurasa mbili zinapofanana, mwenye tovuti huweza kuiambia injini ni upi kati yake uchukuliwe kuwa ndio wa kuwakilisha wenzake. Kijitabu huuita *ukurasa halisi*, jambo linaloufanya mwingine uwe wa bandia, na sivyo. *Ukurasa mkuu* umekwisha kutumika kwa ukurasa wa mwanzo. Mwenyekiti wao alishauri *ukurasa msemaji*, kwa kuwa katika kikao cha ukoo wote huwa na haki ya kusema lakini husema mmoja. Tumelichukua neno hilo na kulileta hapa kama lilivyo, wasomaji walitazame.